Tatizo ni Kabureta Tu

Jumapili, 7 Juni 2026. Mkolani.

Siku ya historia! Trekta limeingia nyumbani. Dogo, la bustani, jekundu pale ambapo kutu haijafika. Lina kiti kimoja, usukani, na visu vya kukatia nyasi vilivyojificha chini ya tumbo. Nimekaa juu yake tangu nitoke kanisani. Sijashuka hata kunywa chai.

Mpango ni huu. Jumamosi binti yangu Queen anaolewa. Sherehe itafanyika Luchelele, kwenye kiwanja cha ukoo wa mke wangu Evelina, ziwani kabisa. Kiwanja kizuri sana, ila kwa mvua za mwaka huu nyasi zimefika magotini. Kwenye kikao cha harusi shemeji yangu Nkwabi, kaka yake Evelina, alisema ataingiza ng'ombe wake wazile kwanza, halafu vijana wapite na mafyekeo. Watu wakampigia makofi. Makofi! Kwa ng'ombe! Nikasimama. Nikasema wakwe zetu hawawezi kutoka Rorya kote kule waje kukanyaga mavi. Nikasema nyasi nitazikata mwenyewe, kwa mashine. Nkwabi akauliza mashine gani. Nikajibu ataiona.

Sasa ninayo. Nimeipata Magu kwa Venant, mkulima wa pamba, kwa kubadilishana. Yeye amechukua makochi yetu, mimi nimechukua trekta. Makochi hayakati nyasi.

Venant ni mtu mkweli. Alisema wazi kwamba halijawaka tangu mwaka juzi, lakini tatizo ni kabureta tu. Tu! Neno tamu hilo. Kabureta ni kidude cha ukubwa wa ngumi kinachochanganya petroli na hewa. Petroli ninayo. Hewa ipo. Tatizo liko wapi?

Evelina amerudi kutoka mazoezi ya kwaya. Akaangalia sebule. Akaangalia trekta. Akauliza wakwe wataketi wapi. Nikamwambia wataketi kwenye mkeka, ni utamaduni. Akauliza utamaduni wa nani. Hajasema neno tangu hapo. Nadhani furaha imemzidi.

Jumatatu, 8 Juni

Nimevuta kamba ya kuwashia asubuhi nzima. Bega linauma. Trekta lilisema "puh" mara moja, nikaruka kwa shangwe, kumbe ni gurudumu la nyuma linatoa upepo.

Nikaamua kuchunguza kitaalamu. Nikafungua tangi, nikanusa. Petroli ya Venant inanuka kama rangi ya viatu. Imezeeka! Sikujua petroli huzeeka. Nikaimwaga, nikaweka mpya. Kamba. Hakuna kitu. Nikachomoa mpira wa mafuta: petroli inatoka tangini vizuri, inaingia kwenye kabureta, halafu haionekani tena. Kama mtoto aliyetumwa sukari. Kwa hiyo Venant alisema kweli. Kabureta!

Nimeifungua juu ya meza ya chakula. Kikombe chake cha chini kimejaa ute wa njano kama asali iliyoganda. Katikati kuna kamrija ka shaba kenye tundu jembamba kuliko la sindano. Mafundi wanakaita jeti. Humo ndimo petroli inamopanda kwenda kwenye injini. Tundu limeziba kabisa. Nimepuliza mpaka nikaona nyota mchana. Nikaenda chumbani kuchukua sindano ya kushonea shela la Queen. Ikapita! Halafu ikavunjikia ndani.

Sikukata tamaa. Kuna mtu wa vipuri pale Mkuyuni aliwahi kuniambia kwamba kabureta huchemshwa na ndimu mpaka uchafu uachie. Ndimu zilikuwepo. Sufuria kubwa ilikuwepo, safi, haina kazi. Nikachemsha. Uchafu ukaachia! Hata kipande cha sindano kikadondoka, ting! Nikaisuuza sufuria vizuri, nikairudisha mahali pake. Mimi si mtu wa kuacha vitu ovyo.

Wakati wa chakula Evelina alileta maharage. Queen akaonja, akaweka kijiko chini. Akaniuliza taratibu, "Baba, leo umepika nini kwenye sufuria ya mama?"

Mtoto mwenye akili. Amenirithi mimi.

Evelina amesema sufuria ile ndiyo ya pilau la harusi. Nimemtuliza. Pilau lina viungo vingi, hakuna atakayejua.

Jumanne, 9 Juni

LIMEWAKA! Nilivuta kamba, nikavuta tena, mara likanguruma! Moshi mweusi! Kuku wa jirani wote wakapanda juu ya bati. Nikaita Evelina! Evelina! Alipofika mlangoni, likazima. Akasimama kidogo na mwiko mkononi. Akarudi ndani.

Halikuwaka tena. Sasa mambo yamegeuka. Jana petroli haikupita, leo inapita kama mto Simiyu wakati wa masika. Inafurika kwenye kabureta, inachuruzika mpaka chini. Nimechomoa plagi, imelowa chepechepe. Plagi iliyolowa haitoi cheche. Hilo nalijua.

Nikafungua tena. Ndani ya kile kikombe kuna boya dogo la plastiki, kama lile la tangi la choo. Petroli ikijaa, boya linapanda na kufunga njia. Nikalitikisa sikioni. Chwa, chwa. Limetoboka, limekunywa petroli, limezama. Boya lililozama lina faida gani?

Mtu mwingine angelia. Mimi nimekulia karibu na ziwa. Wavuvi wanachonga maboya ya nyavu kwa ndala kuukuu. Nikatafuta ndala kuukuu. Hakukuwa na kuukuu. Nikatumia ya Evelina, ya kushoto. Nimechonga boya safi la bluu kwa wembe, nikalijaribu kwenye kikombe cha maji. Likaelea kama bata!

Nimeondoa pia waya wa swichi ya kuzimia. Unachukua nafasi bure. Shida yetu ni kuwasha, si kuzima.

Jioni Nkwabi akapita kuuliza habari za nyasi. Ana pikipiki mpya, inawaka kwa kubonyeza kidole. Aliiwasha na kuizima mara kadhaa bila sababu yoyote, huku anaongea. Akasema kwa majirani zake Luchelele kuna trekta kama langu, kuku wanatagia humo, na mayai yake ni mazuri tu. Nilicheka kwa adabu. Ni mkubwa kwangu.

Jumatano, 10 Juni

Boya limevimba. Petroli na ndala hazipatani. Nilipofungua kikombe nilikuta limeumuka kama andazi, limejaza nafasi yote, limefunga njia, petroli haipiti hata tone. Tumerudi kwenye shida ya Jumatatu. Angalau ni shida ninayoifahamu.

Nilikuwa bado naling'oa kwa uma wakati wakwe walipoingia. Leo! Walitarajiwa Ijumaa! Mzee Okumu, baba yake bwana harusi, alisema basi lilikuwa na nafasi. Mtu mrefu, mpana, mwenye kofia ya kizee na sauti ya redio. Mkewe, Mama Akeyo, ni mdogo kama kichuguu na anaona kila kitu. Wakaingia sebuleni. Mzee Okumu akauangalia mkeka. Akayaangalia magoti yake. Akatoka nje akaketi kwenye kiti cha trekta.

Hapo nikauficha ule uma mgongoni. Kwa sababu akiwa pale juu alitangaza kwamba yeye amerekebisha injini za boti zote kuanzia Shirati mpaka Musoma. Fundi halisi! Nami kwenye simu nilimwambia mwanawe kwamba trekta langu linakimbia kama swala. Nikasema haraka kwamba nalifanyia sevisi ndogo tu kabla ya kazi. Akashuka, akaweka sikio kwenye injini, akafumba macho.

"Mkwe," akasema, "hii ni kabureta."

Maajabu! Ametambua kwa sikio, na injini imezimwa!

Alhamisi, 11 Juni. Luchelele.

Trekta limefika kiwanjani. Jinsi lilivyofika, nitaandika kwa kifupi.

Guta la kulibeba lilikuwa limejaa viti vya harusi. Nkwabi akajitolea, bila kuombwa, tena mbele ya mkwe, kuleta maksai wake wawili walivute. Ningekataa. Lakini Mzee Okumu alishasema wazo zuri sana, na mkwe habishiwi. Basi maksai wakafungwa mbele. Mimi nikakaa kwenye usukani, nikawa nakata kona kulia na kushoto ili ionekane nani anaendesha. Watu wa Mkolani wakatoka nje wote. Mwanamke mmoja aliuliza kama ng'ombe wameishiwa petroli. Nikampungia mkono. Nkwabi alitangulia mbele akipiga mluzi. Njia nzima! Wimbo uleule!

Tulipofika, Evelina na Mama Akeyo walikuwa jikoni kwa Nkwabi wakichambua mchele. Nilipita nyuma ya dirisha kwa bahati mbaya, nikasimama kwa bahati mbaya. Mama Akeyo alikuwa anasimulia kwamba chini ya kitanda chao kuna injini ya boti, vipande vipande, tangu mtoto wao wa mwisho Favour yuko mgongoni. Favour sasa yuko sekondari. Kila sikukuu mzee huingia chini ya kitanda na bisibisi, na kila akitoka, vipande vimeongezeka. Na zile injini za Shirati mpaka Musoma? Alikuwa anazipaka rangi. Evelina naye akaeleza habari za makochi. Akaeleza sufuria. Akaeleza ndala.

"Pole, mkwe wangu," Mama Akeyo akasema. "Kumbe tumeolewa na mtu mmoja."

Wakacheka mpaka ungo ukapinduka.

Kwa hiyo Mzee Okumu si fundi! Nilisimama nyuma ya lile dirisha na furaha isiyoelezeka. Hajui kitu! Kama mimi! Yaani si kama mimi, mimi najua kidogo. Lakini niliwahi kumwogopa mtu huyu! Sasa nampenda. Sitamwambia kwamba najua. Heshima ni heshima.

Ijumaa, 12 Juni

Asubuhi Mzee Okumu alileta ufumbuzi wake. Boya la zamani, lile lililotoboka. Tumelikausha juani, tukaziba tundu kwa nta ya mshumaa. Kazi safi, linang'aa. Tukafunga, tukavuta kamba kwa zamu. Likawaka! Tukakumbatiana! Tukakimbia kulizunguka tukishikana mikono, watu wazima wawili, mpaka kofia yake ikaanguka. Halafu petroli ikayeyusha nta, boya likazama, mafuriko, kimya.

Mzee Okumu akaokota kofia. Akasema nta ya siku hizi haina kiwango.

Queen akaja kuangalia kiwanja. Alisimama ukingoni, nyasi zinamfika magotini, ziwa linang'aa nyuma yake. Akakunja gauni lake kidogo akajaribu kutembea. Mbigili zikamshika pindo.

"Baba," akasema, "kesho nitaburuza shela humu?"

Akaniambia vijana wa mjomba wake wapo na mafyekeo, wananisubiri niseme neno moja tu. Nikamjibu kwamba nilimwahidi nyasi fupi kama zulia, na atapata zulia. Nilidhani ataanza kulia. Akacheka, akanifuta grisi puani kwa kidole, akasema haya baba.

Nikainama kukaza nati iliyokuwa imeshakazwa.

Alipoondoka tukakaa chini, mimi na mkwe, tukatafakari. Hatuna boya. Maduka ya Mkuyuni hayana la trekta kama hili, niliuliza wakanicheka. Mzee Okumu akafumba macho. Akayafumbua. Alikuwa anatazama upande wa nyumba, pale pikipiki ya Nkwabi ilipoegeshwa. Mpya. Safi. Inawaka kwa kidole.

Nayo ina kabureta.

Nikasema hapana. Mzee Okumu akasema hata yeye anasema hapana. Nkwabi alikuwa mbali majini ananywesha ng'ombe. Mzee Okumu akasema kuazima si kuiba. Nikasema kweli, na kuazima kimya kimya ni kumwepusha mwenye mali na wasiwasi. Wakati huo spana ilishakuwa mkononi mwangu. Sijui ilifikaje.

Imetoka kirahisi! Kitu kizuri, hakina hata vumbi. Haikutosha kwenye mdomo wa injini ya trekta, lakini tumeunganisha kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli na kukaza kwa waya. Sehemu ya kuongeza na kupunguza mafuta haikuwa na pa kushikizwa, basi tumeifunga na uzi wa nyavu ikiwa wazi kabisa. Mzee Okumu anasema injini hupenda uhuru.

Hatujaliwasha. Nkwabi angesikia. Kesho alfajiri tunakata, kabla ya ndoa tunarudisha kabureta mahali pake, na hakuna atakayejua. Mpango hauna tundu.

Jumamosi, 13 Juni. Harusi!

Naandika nimevaa suruali ya Nkwabi. Nitaeleza.

Alfajiri tulifika kiwanjani, mimi na mkwe. Kumbe Nkwabi alishaamka. Alikuwa anataka kuwahi Mkuyuni kuchukua keki. Akabonyeza kidole. Kimya. Akabonyeza. Akapiga kiki. Akapiga tena mpaka jasho. Nilikuwa karibu, ingekuwa ajabu nisisaidie. Nikamwuliza kama ameangalia plagi. Nikamwambia mara nyingine ni petroli iliyozeeka, inaweza kunuka kama rangi ya viatu. Alinishukuru! Mzee Okumu naye akaweka sikio kwenye tangi, akafumba macho. Nilijaribu kumkanyaga mguu. Nilichelewa.

"Hii ni kabureta," akasema.

Nkwabi akainama kuiangalia kabureta.

Akainuka polepole. Akatazama trekta pale kiwanjani. Akatazama kile kitu kipya kinachong'aa ubavuni mwake.

"Nestory," akasema. Hakuniita shemeji. Alisema Nestory.

Nikakimbia, nikapanda, nikavuta kamba.

Likawaka kwa mvuto wa kwanza! Haikuwa sauti ya trekta. Ilikuwa sauti ya pikipiki iliyochokozwa. Gia ilikuwa imeshaingia, haikuwa makusudi. Likaruka mbele kama ndama aliyefunguliwa, na visu vikaanza kula. Nyasi! Nyasi juu, nyasi mdomoni, nyasi kofiani mwa mkwe! Nilipiga kelele za furaha. Zunguko la pili nilipiga kelele za kawaida. La tatu nilianza kutafuta namna ya kupunguza.

"Punguza!" Mzee Okumu alikuwa anakimbia ubavuni.

"Kwa kitu gani?"

"Zima!"

"Swichi niliitoa!"

"Breki!"

Nikakanyaga. Venant hakuniambia lolote kuhusu breki, na sasa naelewa kwa nini.

Nkwabi alikuja kwa nyuma na fimbo yake ya ng'ombe, akilikemea trekta kwa Kisukuma kama fahali aliyetoroka. Halikusikia. Watu wa mahema waliacha kamba wakapanda juu ya meza. Nikapita kati ya meza mbili. Sijui vipi. Nikapita kwenye matuta ya viazi vya Nkwabi, tuta moja baada ya jingine, majani ya matembele yakiruka kama karatasi za harusi. Mlangoni kwa Nkwabi, Evelina alisimama amekunja mikono. Mama Akeyo, pembeni yake, alinitazama nikipita, akavuta pumzi, akapiga vigelegele. Wanawake wote wa jikoni wakadhani ndiyo ratiba yenyewe, wakatoka wakaitikia. Nikazunguka kiwanja kizima kwa vigelegele! Niliwapungia. Ilikuwa lazima niondoe mkono kwenye usukani, na hapo ndipo trekta lilipochagua ziwa.

Likashuka ufukweni. Likaingia kwenye magugu maji. Likanywa ziwa, likakohoa, likanyamaza.

Kimya kitamu. Maji yalikuwa yamenifika kifuani. Ndege mmoja alirudi kukaa kwenye bomba la moshi.

Nkwabi akaingia majini na viatu vyake. Nilijiandaa kupigwa. Akanishika ukosi, akanivuta mpaka nchi kavu, akauliza kama nimeumia. Nikasema hapana. Ndipo akaanza kunitukana. Alinitukana vizuri, kwa mpangilio, kuanzia makochi. Kisha akageuka kuonyesha hasara, akanyoosha mkono, na mkono ukabaki hewani.

Kiwanja chote kilikuwa kimekatwa! Chote! Si kwa mistari, kwa miduara, kama kichwa kilichonyolewa ndani ya gari linalotembea. Lakini chini! Kijani! Harufu ya nyasi mbichi mpaka kwa majirani!

"Nilipanga hivyo," nikasema.

Nkwabi akakaa chini kwenye nyasi. Akaanza kutikisika mabega. Nilidhani analia viazi vyake. Alikuwa anacheka. Akacheka mpaka akalala chali, akasema niende kuvaa suruali yake ya pili, siwezi kumsindikiza mpwa wake kanisani nikidondosha konokono.

Keki? Ililetwa na bodaboda. Queen aliagiza tangu jana, akisema haamini mtu yeyote wa ukoo huu mwenye injini.

Nimemshika mkono binti yangu mpaka altareni. Suruali ya Nkwabi ilikuwa fupi. Hakuna aliyeangalia suruali. Mchana alipofika Luchelele na mumewe, Queen alisimama ukingoni mwa kiwanja. Akavua viatu. Akatembea peku, shela linaburuza nyuma yake, halikushika mbigili hata moja. Akaja mpaka nilipo.

"Baba, kweli ni zulia."

Nilitaka kumjibu jambo la busara. Nikaanza kulia kama mjinga. Mzee Okumu akalia pia, kwa ushirikiano.

Nkwabi akapewa maikrofoni kama mjomba. Akasema shemeji yake ameondoa makochi, amechemsha kabureta kwenye sufuria ya pilau, amevuna viazi kabla ya wakati, na amemzamishia kifaa kipya ziwani. Akasema pamoja na hayo, hajawahi kumwona mtoto huyu akiahidiwa kitu na baba yake asikipate, hata kama watu wengine wote wameumia. Watu wakapiga makofi. Sina hakika kama alikuwa ananisifu. Nimeandika kama sifa.

Pilau lilikuwa na ladha kidogo ya ndimu. Watu waliomba nyongeza.

Jumatatu, 15 Juni. Mkolani.

Queen na mumewe wamesafiri. Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Evelina ameketi kwenye mkeka, miguu imenyooka, amesema mgongo wake haujawahi kuwa na raha namna hii, na nisimwambie mtu. Nilikaa naye kidogo. Tulikunywa chai. Vizuri sana.

Mambo mengine. Kabureta ya Nkwabi tumeirudisha. Tulitoa konokono mmoja. Pikipiki sasa inawaka, ila ikifika mlimani inasema "puh". Nilijitolea kuishughulikia. Nkwabi ameinunulia kufuli.

Trekta tumelitoa ziwani kwa maksai. Magurudumu yamekwisha, visu vimepinda, lakini injini! Injini nzima! Mzee Okumu ameweka sikio, amefumba macho, amesema imara. Yeye na Mama Akeyo walikuwa waondoke leo asubuhi. Amesema basi halikuwa na nafasi.

Kumbe mkwe ana binamu kule Luchelele mwenye mtumbwi mkubwa ambao haukuwahi kufungwa injini. Tumeenda kuuona. Unavuja mahali pamoja tu, panazibika kwa nta. Binamu ana mtumbwi bila injini. Mimi nina injini bila kabureta. Mungu akitaka kukutanisha vitu, hakosei! Tutavusha watu kwenda Ukerewe. Harusi, misiba, kwaya, wote. Tumeshachagua jina la chombo. Jumamosi tunafanya safari ya majaribio, mimi usukani, mkwe injini.

Nimemweleza Evelina mpango wote, mwanzo mpaka mwisho. Hakupinga. Ameuliza swali moja tu: kama mimi na mkwe tunajua kuogelea.

Wanawake! Kuogelea kwa ajili gani, wakati tutakuwa ndani ya mtumbwi?